Unaenda likizo kisiwani? Anza na mfuko wa dawa

Wiki mbili zilizopita mama mmoja aliingia kliniki na mwanawe wa miaka saba, mwenye selimundu, kuchukua dawa za mwezi. Tulipomaliza akatoa simu na kunionyesha orodha ndefu. Shule zinafungwa, familia imekuwa ikiweka akiba tangu katikati ya mwaka, na sasa wanakwenda Nungwi, Unguja, kwa siku tano.

“Dokta, hebu nisomee, nimesahau nini?”

Nikasoma. Magauni mawili ya ufukweni, kofia, miwani ya jua, nguo za kuogelea za watoto watatu, chaja, spika ndogo ya muziki, mafuta ya nazi, biskuti za njiani. Nikafika mwisho wa orodha bila kukuta dawa hata moja. Dawa zenyewe alikuwa amezishika mkononi, kwenye bahasha ya kaki.

Sikumcheka, msomaji wangu, maana mimi mwenyewe nimewahi kufanya vibaya kuliko yeye.

Miaka kadhaa iliyopita, binti yangu akiwa na miaka minne, tulipanda boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ana pumu. Inhela yake nilikuwa nimeifungasha vizuri kabisa: ndani ya soksi, soksi ndani ya sanduku. Sanduku likapokelewa na vijana wa mizigo, likaenda kulala chini ya masanduku ya watu wengine. Tulipofika katikati ya bahari mtoto akaanza kukohoa. Baada ya muda mfupi kifua kikawa kinapiga filimbi na mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Nimesomea udaktari, nimehudumia watoto wa pumu miaka yote ya kazi yangu, na pale nilikuwa mama asiye na kitu mkononi.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mtu mzima aliyekaa safu ya nyuma. Alifungua mkoba wake, akanyoosha mkono: “Mwanangu, hii yangu ya bluu itamfaa?” Ilikuwa salbutamoli, ileile anayotumia binti yangu. Nikaifuta mdomo wake vizuri. Nikamwaga maji ya chupa ya nusu lita, nikaazima kisu kwa kijana anayeuza vinywaji, nikatoboa kitako cha chupa tundu la kutosha kuingiza mdomo wa inhela. Mtoto akaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, nikabonyeza mara moja, akapumua taratibu mara tano, sita. Kisha tena. Kabla hatujaona minara ya Malindi alikuwa anaongea.

Kwa kawaida sishauri watu kuazimana dawa, na siku ile nilikuwa nakiuka ushauri wangu mwenyewe. Lakini tangu hapo nina sheria moja nyumbani, nami naitoa kwako leo: dawa ya kila siku na dawa ya dharura haziingii kwenye sanduku. Zinakaa kwenye mfuko mdogo ulio begani kwako au kwenye begi la mgongoni, na mfuko huo haukabidhiwi kwa mtu wa mizigo hata akusihi vipi. Shangazi kaja libebe khanga na mataulo.

Labda utasema, daktari, Zanzibar kuna maduka ya dawa kila mtaa. Ni kweli, mjini yapo, tena mazuri. Ila wewe hukai mjini. Utakuwa Nungwi, ambako kufika Hospitali ya Mnazi Mmoja ni zaidi ya saa moja kwa gari, na usiku gari lenyewe ni la kutafuta. Wanaokwenda Mafia ndio wafikiri zaidi. Hospitali ya wilaya iko Kilindoni, wakati wewe huenda umefikia Utende, au umevuka tena maji kwenda Chole. Na bahari haiangalii kalenda yako ya likizo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Waliokuwa wamebeba vidonge vya siku walizopanga kukaa tu walibaki wakihesabu.

Kwa hiyo hesabu siku za safari, kisha ongeza dawa za wiki nzima. Usizimwage zote kwenye kikopo kimoja ili zisichukue nafasi. Nimeletewa vikopo hivyo: vidonge vyeupe vya duara aina nne vimechanganyika, na mgonjwa ananiambia “ile ndogo ni ya presha”. Ziache kwenye maboksi na pakiti zake zenye jina na tarehe ya mwisho. Piga picha cheti cha daktari na uihifadhi kwenye simu yako na ya mwenzako. Kama unatumia dawa kali za maumivu, beba cheti chenyewe, maana unaweza kuulizwa.

Anayetumia ARV aende CTC mapema, aseme anasafiri, apewe dozi ya kutosha, na abebe kadi yake. Najua wapo wanaoacha dawa nyumbani kwa sababu watalala chumba kimoja na mashemeji. Tafuta kifuko kidogo chenye zipu, kama kile cha vipodozi. Hakuna anayefungua kifuko cha vipodozi cha mtu. Anayetumia dawa za kifafa asikose hata dozi moja kwa sababu ya kuchelewa kulala, na asiingie majini peke yake, hata kwenye bwawa la hoteli linalomfika kiunoni.

Kadi ya bima nayo isikae tu kwenye pochi ukidhani inatosha. Piga simu kabla ya safari, uliza ni kituo gani kisiwani kinachoipokea.

Turudi kwa yule mama na mwanawe. Alitegemea nitamwambia asiende. Sikumwambia hivyo. Mtoto mwenye selimundu ana haki ya kuchezea mchanga kama wenzake, ila mfuko wake ni mkubwa kidogo kuliko wa wenzake.

Tukaupanga pale pale mezani. Asidi ya foliki na haidroksiurea za siku kumi na mbili badala ya tano. Dawa ya kinga ya malaria aliyoandikiwa. Walio chini ya miaka mitano huwa na penisilini yao pia, nayo isisahaulike. Parasetamoli na ibuprofeni kwa ajili ya maumivu, kila moja ikiwa na kipimo cha uzito wake kilichoandikwa kwa kalamu juu ya boksi, kwa sababu saa nane za usiku hakuna mzazi anayekumbuka hesabu za miligramu kwa kilo. Nikamwonya kwamba ibuprofeni hutolewa baada ya chakula, na haitolewi kabisa kama mtoto anaharisha au anatapika na amepungukiwa maji.

Halafu vitu visivyo dawa. Chupa ya maji ya mtoto mwenyewe, yenye jina lake, ambayo mama ataihesabu imejazwa mara ngapi kwa siku. Kwa hawa watoto kupungukiwa maji ni mlango wa maumivu makali ya mifupa, na mtoto anayecheza juani hakumbuki kiu. Taulo mbili kavu na sweta. Ndiyo, sweta, kisiwani, mwezi wa Desemba. Baridi ya ghafla ni mlango mwingine: mtoto anatoka majini akiwa amelowa, upepo unampiga, kisha anaingia chumbani kwenye kiyoyozi kilichowekwa nyuzi 18 kwa sababu baba amelipia na anataka kukifaidi. Aogelee muda mfupi, akaushwe mara moja, apumzike, arudi. Na kiyoyozi kipunguzwe makali.

Kipimajoto nilimpa msisitizo wa pekee. Kwa mtoto wa selimundu, joto likifika nyuzi 38.5 usisubiri asubuhi, nenda hospitali. Nenda pia akiwa amepauka ghafla, anapumua kwa shida, ana maumivu ya kifua, tumbo limejaa upande wa kushoto chini ya mbavu, au mkono au mguu mmoja umelegea. Mwisho nikamwandikia karatasi moja: aina ya selimundu aliyonayo, kiwango chake cha damu cha kawaida, kundi la damu, dawa anazotumia na zinazomdhuru, na simu ya kliniki yetu. Daktari wa zamu kisiwani anayeona namba 7.5 bila kujua kwamba ndiyo kawaida ya mtoto huyu anaweza kufanya uamuzi tofauti kabisa na yule anayejua.

Kama una mgonjwa mwingine wa kudumu nyumbani, fanya vivyo hivyo kabla ya siku ya safari: mwombe daktari wake akuandikie karatasi ya namna hiyo.

Wenye kisukari wanaochoma insulini huuliza zaidi kuhusu joto. Chupa uliyokwisha kuianza kwa kawaida hukaa wiki nne nje ya friji, mradi joto lisizidi nyuzi 30, na Desemba pwani yetu huzidi. Usiiache ndani ya gari pale bandarini hata kwa dakika ishirini. Usiizike kwenye barafu pia. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Ifunge kwenye kitambaa, iweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana au kiboksi cha baridi, barafu isiiguse. Umeme ukikatika hotelini, mtungi wa udongo unafanya kazi nzuri: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kitambaa kibichi juu, kivulini. Mashine ya kupimia sukari na vijiti vyake visibaki nyumbani, kwa sababu kutembea ufukweni kutwa nzima hushusha sukari. Weka glukosi au peremende mfukoni, si chumbani. Na ndala zisivuliwe mchangani. Mguu usiohisi hautakwambia kwamba mchanga wa saa saba mchana unauunguza.

Wazee wa presha, hasa mnaotumia zile dawa za kukojoza: jua na jasho pamoja na dawa hizo huleta kizunguzungu. Usiache dawa. Inuka taratibu, kaa kivulini, kunywa maji kama daktari wako alivyokuelekeza.

Sasa mfuko wa kila familia, hata isiyo na mgonjwa.

Ningeruhusiwa kitu kimoja tu, ningechagua ORS. Chakula kigeni, maji tofauti, mikono yenye mchanga na juisi ya barabarani, lazima mmoja ataharisha. Pakiti sita au nane hazina uzito. Kosa ninaloliona kila likizo ni la kuchanganya: mzazi ana chupa ya maji ya nusu lita, anamimina pakiti nzima, anatikisa, anampa mtoto. Kama pakiti hiyo ni ya lita moja, umempa mtoto maji ya chumvi yaliyozidi mara mbili, na yanaweza kumdhuru. Zipo pakiti za lita moja na zipo ndogo zaidi, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kumimina. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, mkubwa zaidi 100 hadi 200, kwa kijiko au vifundo vidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Ongeza zinki: kidonge kimoja cha miligramu 20 kwa siku, nusu kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14, hata kama amekwisha kupona mnapopanda boti ya kurudi. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Usibebe dawa za kufunga tumbo kwa ajili ya watoto. Na ile Flagyl iliyobaki ya mwaka jana iache ilipo, au bora uirudishe duka la dawa. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, mtoto hakojoi au analegea, ORS inaendelea njiani mkielekea kituo cha afya.

Kuhusu boti yenyewe, wazazi wengi hunifuata wakitaka “dawa ya kumlalisha mtoto ili asitapike”. Promethazini, ambayo ndiyo hutolewa sana, ni marufuku kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Inaweza kumzuia kupumua. Kwa wakubwa ipo, kwa kipimo, dakika 30 hadi 60 kabla ya kuondoka. Ila kabla ya dawa jaribu haya: chakula chepesi, viti vya katikati ya chombo, macho yaangalie mbali na si kwenye simu, tangawizi ya kutafuna kwa wakubwa. Sijui nani aliwafundisha watu kula chipsi mayai bandarini asubuhi ya safari, lakini matokeo yake nimeyaona kwenye viatu vyangu. Beba mifuko ya kutapikia na nguo moja ya ziada kwa kila mtoto, ndani ya begi la mkononi.

Miguu. Fukwe zetu zina wale viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mawe na majani ya bahari, na kila likizo miguu ya wageni huwatembelea. Yeboyebo za watoto na viatu vya mpira vya wakubwa vinazuia karibu yote hayo. Weka kibano, sabuni, plasta, bandeji na iodini. Mwiba ukiingia, toa vipande unavyoviona bila kuchimba, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto ambayo mtu mzima ameyajaribu kwa mkono wake na kuyavumilia, kwa dakika 30 hadi 90, na uulize chanjo ya pepopunda. Maji hayo ya moto husaidia pia aliyechomwa na taa. Konyeza akikugusa, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kibano, usisugue kwa mchanga, na tafadhali usimkojolee mtu. Akishindwa kupumua au akivimba uso, hiyo si kazi ya mfuko wako, ni ya hospitali.

Losheni ya kukinga jua iwe ya SPF 30 au zaidi, ipakwe tena kila baada ya saa mbili na kila mtu anapotoka majini. Ngozi nyeusi nayo huungua, sema tu haisemi mapema. Kwa mwenye ualbino losheni hiyo ni lazima, pamoja na mikono mirefu na kofia ya ukingo mpana. Kilisun, inayotengenezwa KCMC Moshi, imetengenezwa kwa ajili yao. Mtoto wa chini ya miezi sita dawa yake ni kivuli.

Maboya ya kupuliza yenye picha za bata yaacheni kwenye mabwawa, nako mzazi awe umbali wa mkono. Mkipanda mashua kwenda kisiwa kidogo, watoto wavae jaketi okozi la saizi yao. Nahodha huwa na ya wakubwa, na mtoto huchomoka humo. Kama unaweza kununua au kuazima ya mtoto, libebeni kutoka nyumbani.

Na chakula kimoja msikionje hata mkikaribishwa kwa moyo mweupe: nyama ya kasa. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walifariki baada ya kuila, wanane kati yao watoto. Sumu hiyo haifi kwa kuchemsha. Bunju naye muacheni baharini.

Yule mama aliniuliza kitu cha mwisho akiwa mlangoni: chandarua. Unguja malaria imepungua sana kuliko huku Bara, lakini nilimwambia abebe, pamoja na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, kwa sababu mwanawe hana nafasi ya kubahatisha. Anayekwenda Mafia asiulize, abebe. Na wewe msomaji wa Visiwani unayewaleta watoto Bara kusalimia ndugu, wewe ndiye unayehitaji chandarua zaidi ya wote, kwa kuwa wanao hawajazoea malaria.

Dawa mseto usibebe kwa ajili ya kumeza bila kupima. Homa ikija safarini, au ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi, nenda ukapimwe siku hiyohiyo, na umwambie anayekupima ulikuwa wapi na ulirudi lini, hata kama hajauliza.

Alipotoka, ile bahasha ya kaki ilikuwa imehamia kwenye mkoba wake wa begani. Nilimwomba wakirudi wapitie kliniki, nimwone mtoto.